Waridi la Ukutani

Wageni wa posa walikuwa waje Jumamosi,
na nyumba yangu inanuka dagaa.
Si uvundo. Dagaa tu, wakavu, wa Mwaloni,
viroba sita chini ya kitanda, mtaji wangu wote.
Harufu yao imeingia hadi kwenye kitenge cha kanisani,
hadi kwenye nywele za Mbuke, mwanangu, anayeposwa.

Nikashuka Makoroboi, nikanunua kichupa
cha kuchomeka kwenye soketi. Waridi.
"Mama, hiki kinapumua chenyewe usiku na mchana,"
akasema kijana, akinihesabia chenji.
Sikumuuliza
kitu kinachopumua usiku na mchana hulala saa ngapi.

Mabatini, huku juu, nyumba yetu imeegemea jiwe
kama mlevi kwenye bega la mwenzake.
Soketi ni moja. Kutoka hiyo moja
waya umeshikana na waya, ekstensheni juu ya ekstensheni:
friji, redio, pasi, simu za watu watatu,
na sasa waridi, nyuma ya pazia,
wageni wasije wakaona hila yangu.

Ijumaa umeme ulikatika saa mbili.
Ukarudi saa saba usiku, kwa kishindo,
taa ya kibarazani ikatoa macho.
Sisi tulikuwa tumelala.

Hapa ndipo moyo wangu unaporudi kila mara:
nilisikia harufu. Kweli niliisikia.
Waridi zito, tamu kupita kiasi,
kama msiba wa tajiri.
Nikageukia upande wa pili, nikafurahi
kwamba pesa yangu inafanya kazi.
Chini ya waridi kulikuwa na plastiki inayeyuka,
chini ya plastiki, pazia.
Nilinunua kitu cha kuficha harufu,
nacho kikaficha ya kwake.

Aliyeamka ni Mbuke.
"Mama, pazia linatembea."
Mwali mwembamba kama furu
ulikuwa unapanda kitambaa, unatafuta dari.

Nikashika ndoo. Tupu. Mgao, siku ya nne bomba halijakohoa.
Na pale dirishani ziwa lote limelala chini yetu,
taa za wavuvi zimetapakaa hadi mwisho wa macho,
maji mpaka Ukerewe, maji mpaka nchi za watu,
na mimi mkononi debe linavuma.

"Hata ungekuwa nayo, usimwage!"
Lusesa huyo, fundi wa kuchomelea, anapiga bati la ukuta wake.
"Swichi kubwa! Zima swichi kubwa kwanza!"
Nikazima. Giza, na ndani ya giza lile moto peke yake,
kama umebaki kuwa mwenye nyumba.

Kisha mchanga.
Ule mchanga wa lipu, wa marehemu mume wangu,
miaka miwili kwenye kiroba nyuma ya mlango,
nilioulaani kila nilipofagia.
Tukaumwaga kwa sufuria, kwa upawa, kwa viganja.
Gari la zimamoto lingefikia wapi?
Lingesimama barabarani, kule chini,
likitutazama sisi tunavyolitazama ziwa.

Wageni wakaja. Ukutani
doa jeusi limechanua, petali kwa petali.
Nikalitundikia kalenda; halikutosha.
Shangazi wa mposaji akavuta pumzi, akasita.
"Hapa... mnauza dagaa?"
"Tunauza," nikasema.
Mbuke ndiye aliyeanza kucheka.
Shangazi akaondoka na nusu kiroba. Hajalipa mpaka leo.

Siku hizi, kabla ya kulala, nachomoa.
Redio, pasi, simu zikiwa zimejaa au hazijajaa.
Soketi naigusa kwa mgongo wa mkono,
kama paji la mtoto mwenye homa.
Dagaa wananuka. Waache wanuke.
Harufu yao naijua;
ikibadilika, nitaamka.